Kikundi: Wana wa Umbwe – Gari la Mama

ALHAMISI

Happy 06:48
Amkeni jamani. Tarehe 14 mama ana kliniki KCMC, na kwa lile goti sitaki apande bodaboda tena kwenye tope la huku Kibosho. Godi amepata Noah Arusha, Sakina. Wanataka milioni 8.5. Kwenye fungu tuna 7.9 mpaka jana jioni. Leo nataka mambo mawili: nani anakwenda kuliangalia, na nani hajamaliza ahadi yake. Majina ninayo.

Godi 06:55
Shikamoo dada. Gari iko safi aisee. Modeli ya SR40 ya mwaka 2000, usajili namba D, plate ya njano ya gari binafsi, imetembea km 92,000 tu. AC inaganda. Dalali anasema kuna mtu wa Babati anaitaka pia. Tukitoa kishika uchumba laki 5 leo, anamkatalia.

Elia 07:31
Kishika uchumba tena? Mahari lini 😂

Mama Kelvin 07:33
Mbege ianze kupikwa mapema, mwenyewe najitolea ulezi

Elia 07:33
Mshenga awe baba Kelvin, anajua kuongea

Happy 07:36
Elia laki mbili yako iko wapi? Ilipwe kwanza, mshenga tutamtafuta.

Happy 08:20
Elia umenyamaza.

Happy 08:22
Laki tano haitoki kabla fundi hajaliona gari. Frank. Frank uko wapi. Godi weka picha humu.

Godi 08:41
📷 Picha 6

Godi 08:42
Angalia hizo taa zilivyo kama mpya

Happy 08:50
Taa hazimfikishi mtu KCMC. Hebu tupige hesabu ya hizo kilometa. Gari la mwaka 2000, 92,000. Hata elfu nne kwa mwaka hazifiki. Moshi na Arusha kwenda na kurudi ni kama 160. Kwa hiyo hilo gari limeenda Arusha mara mbili kwa mwezi, likalala siku nyingine zote?

Godi 08:53
Lilikuwa la mzee mstaafu, analitumia kwenda kanisani tu

Mama Kelvin 09:10
Magari yote ya madalali ni ya mzee mstaafu au mama mwalimu

Shangazi Aika 10:02
Shikamooni wote. Nawakumbusha mchango wa harusi ya binti yetu wa Machame, mwisho Jumapili. Kadi za singo na dabo zinategemea mchango. Mungu awabariki.

Elia 10:05
Amina shangazi. Marahaba... samahani shikamoo 🙏

Happy 10:06
Shikamoo shangazi, harusi tumesikia. Tunaomba leo tumalize la gari.

Frank 13:40
Shikamooni. Nilikuwa nashusha gia boksi, simu ilikuwa kwenye boksi la spana. Nimeziangalia picha zote.

Frank 13:46
Godi, ile picha ya tatu, mlango wa kuvuta. Ikuzeni mtazame kizingiti. Rangi imekwisha, kimebaki chuma, na mpira wa kukanyagia umelika katikati tu. Mguu wa mzee mmoja wa kanisani hauli mpira hivyo. Halafu picha ya tano, ubavuni chini ya vioo. Kuna mkanda wa rangi unang'aa tofauti na mlango, umenyooka kutoka mbele hadi nyuma. Huo ulikuwa mstari wa daladala, wamepaka rangi juu yake. Plate ya njano ni ya juzi. Hilo gari lilikuwa na plate nyeupe, limebeba abiria.

Happy 13:48
Godi umesoma?

Frank 13:52
Sijasema ni bovu. Injini ya 3S ni ngumu, na spea zake zimejaa hapa mjini. Bora hiyo mara kumi kuliko Voxy yenye injini ya D4 ambayo mafundi wengi wanaikimbia. Ila gari la abiria halijatembea 92,000. Namba za dashibodi mtu anazirudisha, lakini raba ya pedali ya breki hawezi kuirudisha. Nitumieni picha ya pedali, usukani na kiti cha dereva upande anaopandia.

Frank 13:53
Na 3S inatumia mkanda wa taimingi, unabadilishwa kila km 100,000. Kama hizi za dashibodi ni za uongo, hatujui mkanda una umri gani. Ukikatika gari linazima hapo hapo ulipo, na mama akiwa ndani.

Godi 14:15
Frank hujaiona gari unaihukumu kwa picha. Kwa 8.5 mnataka ya kutoka bandarini?

Mama Kelvin 14:20
Ni Hilux tena hii.

Godi 14:21
Nilijua tu. Nilijua itafika huko.

Godi 14:22
Ile Hilux imesomba ndizi za nani hadi Mbuyuni? Imesomba mawe ya msingi wa nyumba ya nani mama Kelvin?

Mama Kelvin 14:24
Ilisomba, nakubali. Na siku inauzwa Himo nani aliambiwa? Ile ilinunuliwa kwa kahawa ya baba.

Godi 14:25
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Elia 14:31
Nimeusoma kabla haujafutwa 😬

Happy 14:33
Elia nyamaza. Mama Kelvin nakuomba. Godi na wewe. Mama hana habari ya Hilux, mama goti linauma. Frank, ukienda utaangalia nini, andika hapa kila mtu asome ili kesho asitokee wa kusema hakujua.

Frank 15:10
Cha kwanza, dalali asiliwashe kabla sijafika. Nitashika boneti kwa mkono, nikikuta pana moto ujue wameshalipasha wakificha kitu. Likiwaka kwa baridi naangalia bomba la moshi. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ni kawaida. Moshi wa bluu linakula oili. Mweupe mzito usiokwisha ni maji yanaingia kwenye injini, gasketi imekwenda. Nafungua mfuniko wa oili, nikikuta utando kama maziwa sina haja ya kuendelea, tunarudi nyumbani. Rejeta naifungua kabla ya kuwasha, likiwaka maji yakatoa mapovu mfululizo ni gasketi hiyo hiyo.

Frank 15:14
Haidroliki ya gia naivuta na stiki nainusa. Inatakiwa iwe nyekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gia boksi inakaribia kufa, na hiyo bei yake inameza punguzo lolote dalali atakalowapa.

Elia 15:15
Kwa hiyo fundi anakwenda kunusa gari

Frank 15:16
Ndiyo. Na kapeti nitaliinua na kulinusa, gari lililozama mafuriko linabaki na tope na kutu kwenye reli za viti hata lioshwe vipi.

Frank 15:22
Matairi yakiwa yamelika upande mmoja, chini kuna bushi au boljointi zimekufa. Mwisho namba ya chesesi iliyogongwa kwenye chuma, nailinganisha na kadi ya gari herufi kwa herufi. Kadi HALISI, sio picha ya simu. Wengine kadi halisi iko kwenye mkopo, wao wanatembeza kopi.

Doreen (Dar) 17:58
Jamani nilikuwa kazini. Nimeingiza namba ya gari kwenye mtandao wa faini wa polisi. Ina faini mbili hazijalipwa, 30,000 kila moja.

Doreen (Dar) 17:59
Zote kosa ni kuzidisha abiria.

Mama Kelvin 18:00
Mzee mstaafu huyo anakwenda kanisani na waumini wengi

Happy 18:04
Godi.

Happy 18:19
Godi naona umesoma.

Godi 18:40
Nimempigia dalali. Anasema hata yeye aliambiwa hivyo na mwenye gari. Yuko tayari kushuka hadi 7.8, na faini wanalipa wao.

Elia 18:42
Laki saba zimeshuka kwa picha tu, Frank akifika si tutapewa bure

Baba Mkubwa 19:27
Wanangu. Nimesomewa yote mliyoandika tangu asubuhi. Fedha ya kishika uchumba isitoke, hata shilingi. Frank aende. Akiridhika, gari lipande mpaka hapa Umbwe likiwa na watu ndani, lizimwe, lipoe, liwashwe tena mbele yangu. Ndipo tuzungumze bei. Kadi itasoma jina la mama yenu, si la mtoto yeyote. Halitabeba abiria. Habari ya Hilux ndugu yangu alinikabidhi kabla hajalala, nami sijaiweka chini. Nitaisema Krismasi mkiwa wote nyumbani.

Happy 19:29
Shikamoo baba mkubwa. Tumesikia.

Shangazi Aika 19:30
Asante kaka.

Mama Kelvin 19:34
Sawa baba.

Frank 19:35
Shikamoo baba. Nitafanya hivyo.

IJUMAA

Happy 06:15
Godi hujamjibu baba mkubwa.

Godi 07:20
Shikamoo baba mkubwa. Sawa.

Happy 07:22
Haya. Kadi kusoma jina la mama maana yake mama awe na TIN, na TIN inataka namba ya NIDA. Kitambulisho chake nani alikiona mara ya mwisho?

Doreen (Dar) 07:40
Si alikuwa nacho baba Kelvin wakati wa kusajili laini?

Mama Kelvin 08:05
Alimrudishia mwenyewe. Nitamuuliza.

Happy 08:06
Umuulize leo. Na mkataba wa mauziano uwe na muhuri wa wakili, asaini mwenye gari mwenyewe na kitambulisho chake mkononi. Dalali hatuuziani naye.

Godi 08:30
Tatizo jingine. Mwenye gari hataki lipande Kibosho bila kuacha kitu. Anasema mafuta, na likiharibikia mlimani nani anabeba.

Frank 08:33
Kama anaogopa litaharibikia mlimani ameshatupa jibu nusu.

Happy 08:35
Mafuta tunatoa sisi, mwambie. Kishika uchumba hakuna. Akikataa na Babati aende. Godi mpigie sasa hivi, na umwambie kesho asubuhi gari lisiguswe ufunguo mpaka Frank afike.

Godi 08:52
Anasema atafikiria kuhusu mlima. Frank aende tu kwanza.

Happy 08:53
Atafikiria hadi lini? Tarehe 14 haitusubiri.

Happy 09:40
Godi?

Elia 11:12
Nimetuma laki moja. Nyingine mwisho wa mwezi

Happy 11:13
Nimeiona. Imebaki laki moja.

Frank 16:05
Mimi kesho saa kumi na mbili asubuhi nipo stendi. Godi tunakwenda wote au nielekezwe kwa simu? Na nauli anatoa nani?