Wakuu, trekta dogo na grapo ya sentimita 183: itanifaa au naenda kuumia?

KisikiMkaidi: Habari za muda huu wakuu. Nina trekta dogo la nguvu ya farasi 25, lina loda mbele, ile mikono ya kunyanyulia mizigo. Nasafisha eneo lenye miti iliyoanguka na vichaka, na baketi imeshanishinda, magogo yanateleza kama sabuni. Nataka kufunga grapo, lile dude lenye makucha ya kung'ata magogo. Nimeona za upana wa sentimita 122, 152 na 183. Moyo wangu uko kwenye 183 maana inakusanya mengi kwa mkupuo mmoja. Nguvu si tatizo, juzi tu nimehamisha gogo la unene wa sentimita 60, urefu mita 4. Swali langu ni moja: 152 au 183? Naombeni majibu mapema, hili jambo linaninyima usingizi.

Nyundo7: Nimekaa pale.

BibiWaJembe: Mwanangu, mti ulioanguka ukiuacha uoze unalisha udongo bure. Vijana wa sasa mkiona gogo mnaona adui. Mimi nimelima miaka yote bila kucha la chuma.

FundiPampu: Mkuu, farasi 25 ni za injini. Kinachonyanyua ni pampu na silinda za loda. Fungua kitabu cha loda utakuta namba mbili: uwezo kwenye pini, pale baketi inaposhikana na mikono ya loda, na uwezo nusu mita mbele ya pini. Hiyo ya pili ndiyo ya kazi, maana gogo halikai kwenye pini, linakaa mbele huko. Tutajie zote mbili, na upana wa trekta tairi hadi tairi.

KisikiMkaidi: Asante fundi, ila kitabu hakiko karibu. Trekta ni imara, halijawahi kunikatalia kazi. Kwa hiyo 152 au 183?

MzeeGia: Achana na upana, uliza taya. Yangu ina taya moja la juu. Nikibeba gogo nene upande mmoja na jembamba upande wa pili, nene linabanwa, jembamba linaponyoka. Ikabidi nianze kupanga magogo kwa unene kama viatu dukani. Jirani yangu akanicheka, akanunua yenye taya mbili, kila moja inajifunga kivyake. Inashika vizuri sana. Ila ni nzito, na siku moja aliteremka nayo mlimani imejaa, nyuma hana uzito wowote. Tairi za nyuma zikawa nyepesi. Matrekta mengi madogo breki ziko nyuma tu, sasa tairi ambayo haikanyagi ardhi itafunga breki gani? Na alikuwa ametoa gia ya kuendesha tairi zote nne. Alisimamishwa na kichaka. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa heshima zaidi.

DadaKoleo: Mzee umejibu swali la nani 😂

UmaTosha: Kwa magogo marefu mimi natumia zile uma mbili za kubebea mizigo. Nyepesi, hazihitaji haidroliki ya ziada, unachomeka chini ya gogo unalaza nyuma kidogo unaondoka. Kwenye vichaka ndiyo hazifai kabisa, matawi yanapita katikati.

FundiPampu: KisikiMkaidi, bado nasubiri zile namba. Halafu swali la pili. Wenzo wa loda unafanya kazi mbili, kupandisha mikono na kukunja baketi. Taya la grapo linataka njia ya tatu ya mafuta ya haidroliki, yale yanayosukuma silinda. Unayo?

KisikiMkaidi: Sawa, nimekitafuta kitabu. Kwenye pini ni kilo 450, nusu mita mbele ni 330. Upana wa trekta ni sentimita 135. Njia ya tatu sina, nitaifunga baadaye. Ila jamani kilo 330 si haba, na grapo yenyewe ina kilo 310 tu.

DadaKoleo: Kilo 310 umezijuaje? Mwanzoni hukutaja uzito wowote.

KisikiMkaidi: Zimeandikwa kwenye kibao ubavuni mwake.

DadaKoleo: Ubavuni mwa nani?

KisikiMkaidi: Ok. Iko hapa kwangu. Nimeshalipa nusu.

Nyundo7: Nimesogeza kiti karibu.

FundiPampu: Ndugu yangu, uzito wa grapo unatoka kwenye uwezo huohuo wa loda. Toa 310 kwenye 450, zinabaki 140, na hapo nimekupendelea, kwa sababu grapo yenyewe inaning'inia mbele ya pini. Kama una kiunganishi cha kubadilishia vifaa haraka, nacho kina uzito wake. Umebakiwa na uwezo wa kubeba fungu la matawi. Grapo nyepesi ya 122 ukipata ya kilo 150 hivi, unabaki na mzigo wa maana.

Na upana nao una hesabu yake. Trekta sentimita 135, grapo 183, maana yake kila upande inatokeza sentimita 24 nje ya tairi. Ukiwa unasukuma, ncha ile ikanasa kwenye kisiki usichokiona, trekta zima linazunguka juu ya mkono mmoja wa loda. Nimenyoosha mikono iliyopinda hivyo. Hainyooki ikawa kama zamani.

KisikiMkaidi: Nakuelewa fundi, ila nitakuwa mwangalifu, nitaenda polepole. Halafu muuzaji kasema nikija kupata trekta kubwa sitanunua tena. Na nitajaza maji tairi za nyuma, uzito wa nyuma utakuwepo.

MzeeGia: Hiyo ni kama nguo ya mtoto, unanunua kubwa atakulia humo. Sasa hapa mtoto ni trekta 😂

FundiPampu: Maji kwenye tairi yanasaidia trekta lisiinuke nyuma, ila hayaipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja. Uzito unaoipunguzia ni ule unaoning'inia nyuma ya tairi za nyuma, kwenye ile mikono mitatu ya kufungia majembe. Boksi la zege au jembe zito. Huo hata ukiwa na 122 utauhitaji.

KalamuNyekundu: Samahani, naomba turudi mwanzo wa uzi. Gogo la unene wa sentimita 60 na urefu wa mita 4 ni zaidi kidogo ya mita 1.1 za ujazo. Mti mgumu mbichi unaweza kufika kilo 800 mpaka 1,000 kwa kila mita ya ujazo. Hilo gogo ni kama tani moja. Loda ni kilo 450. Mtu kalihamisha "juzi tu". Hii ni chai wakuu, na imeshapoa.

UmaTosha: Duh. Kweli hesabu haikai.

Nyundo7: Hata trekta hana huyu, anatuchora.

DadaKoleo: Au ndiye muuzaji mwenyewe. Ana 183 zimemdodea anapima upepo.

BibiWaJembe: Uongo haujengi, mwanangu. Ungeacha tu gogo lioze.

KisikiMkaidi: Mimi si muuzaji! Someni vizuri, niliandika NIMELIHAMISHA, sikuandika nimelinyanyua. Nililifunga mnyororo nikaliburuta.

FundiPampu: Mnyororo uliufunga wapi?

KisikiMkaidi: Nyuma.

FundiPampu: Nyuma wapi?

KisikiMkaidi: Mwanzo niliufunga kwenye baketi nikajaribu kuinua ncha moja. Tairi za nyuma zikaacha ardhi, nikashusha haraka. Miguu ilitetemeka mpaka jioni. Ndipo nikaufunga nyuma, ile sehemu ya chini ya kuvutia. Ndiyo maana nilisema sipati usingizi. Sikutaka kuandika hili, najua mnavyocheka watu humu.

KalamuNyekundu: Basi nafuta neno chai. Hesabu siifuti.

FundiPampu: Ile ya chini ndiyo mahali pake. Kamwe usivute ukiwa umefunga kwenye pini ya juu, trekta linasimama wima na kukulalia. Gogo la tani moja halina grapo yake kwa trekta lako. Likate vipande vya mita moja moja, bado kila kimoja kitafika kama robo tani, hivyo vinene buruta. Grapo iachie vile vyembamba na vichaka. Chukua 122. Na mkanda wa kiti uufunge kama una ile fremu ya kukulinda trekta likipinduka; kama fremu huna, usiufunge.

KisikiMkaidi: Fundi, nikiikata hii 183 pembeni pembeni ibaki 122?

FundiPampu: Usiikate! Haijaisha kulipiwa.

MzeeGia: Mimi hapa nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza.

KisikiMkaidi: Mrejesho wakuu. Nimempigia muuzaji. Amekubali kunibadilishia nichukue 122 na ile nusu ihesabike, ila kwa sharti kwamba haijatumika. Sasa nauliza swali jingine: matope yaliyokaukia kwenye kucha, pamoja na mkwaruzo mdogo wa rangi, vinatoka na nini?

DadaKoleo: Si ulisema huna njia ya tatu ya mafuta? Uliitumiaje?

KisikiMkaidi: Sikuifunga taya. Nilisukumia tu.

Nyundo7: Nimekaa pale tena.