Dawa za asili za kushusha mafuta ya damu na kitambi: ipi imewasaidia kweli?

Dereva_WestNile
Habarini wakubwa. Nina miaka 46, naendesha lori Arua–Kampala, na chakula cha barabara mnakijua: rolex (chapati ya mayai) asubuhi, muchomo (nyama choma) na gonja (ndizi za kuchoma) pale Karuma, soda mbili za kufukuza usingizi. Wiki iliyopita nimepima mafuta ya damu. Kolesteroli yote 6.4, LDL (ile mbaya) 4.2, HDL (ile nzuri) 0.9, triglisiraidi (mafuta mengine ya damu) 2.9, zote kwa mmol/L. Kiuno sentimita 108. Daktari kaniandikia atorvastatini, kidonge cha statini cha kushusha kolesteroli, bado sijaanza.

Kabla ya vidonge nataka kulinganisha hivi: kitunguu saumu na tangawizi, katunkuma (vile vitunda vidogo vichungu), unga wa mlonge, na chai ya kupunguza tumbo niliyouziwa na kijana wa spika kwenye stendi ya mabasi, pakiti moja shilingi 35,000. Yeye anasema "inayeyusha mafuta kwa siku 14". Nataka kinachofanya kazi, kisichonimaliza mfuko, na kisichoniangusha barabarani.

MamaBombo
Mwanangu, hiyo chai iweke chini kwanza. Mimi nilikunywa ndugu yake mwaka juzi. Siku ya tatu nilikuwa nahamia chooni. Mizani ikasema kilo tatu zimetoka, nikafurahi, nikampigia hadi wifi yangu Mbale. Nilipoacha, wiki haijaisha kilo zote zimerudi, na gauni langu la gomesi lilikuwa linanibana palepale. Sasa wewe na lori lako, tumbo likikukata kati ya Pakwach na Karuma utasimama wapi? Huko ni mbugani, utachutama na nyani.

Katunkuma ni kitu kingine, ile ni mboga. Nazichemsha, naziponda, natia kwenye mchuzi wa simsim. Kwetu wazee huzila kwa ajili ya presha.

Kijana_Ntinda
Saumu, kaka! Punje mbili mbichi kila asubuhi, miezi minne, nimepungua kilo 7. Mke analalamika harufu lakini kitambi kimeisha.

MamaBombo
Na bia ulikuwa unaendelea nayo?

Kijana_Ntinda
Bia niliacha. Na kikomando (chapati na maharage) cha usiku pia. Lakini mama, saumu imechangia bwana.

Mfamasia_Jinja
Nimecheka, ila jibu la kijana ndilo lenye funzo kuliko saumu yenyewe.

Kaka dereva, umeweka magonjwa mawili kwenye kapu moja. Mafuta ya kwenye damu na mafuta ya tumboni ni jamaa, lakini si mtu mmoja. Kuna watu wembamba kama fito wenye LDL ya juu. Tena triglisiraidi yako ya 2.9 (inatakiwa chini ya 1.7) husukumwa sana na sukari, pombe na unene, kwa hiyo hizo soda mbili ziangalie kabla hujaangalia majani yoyote.

Sasa hivyo vyako. Saumu hushusha kolesteroli kidogo, na tafiti zenyewe hazikubaliani. Kwenye chakula haina neno, ila ukiila nyingi au vidonge vyake huku unatumia aspirini au warfarini (dawa za kuzuia damu kuganda), damu inaweza kukawia kuganda. Tangawizi itakuchangamsha tu. Mlonge, majaribio kwa watu ni machache na madogo. Katunkuma, kazi niliyoisoma imefanywa kwa panya, ila kama mboga kula, ina nyuzinyuzi na imechukua nafasi ya nyama sahanini.

Mbona hukutaja oti? Hicho ndicho chenye ushahidi mzuri. Kuna nyuzinyuzi ndani yake inaitwa betaglukani. Ukipata gramu 3 kwa siku, yaani kama gramu 75 za oti kavu, LDL hushuka kwa asilimia 5 hadi 10. Maganda ya isabgoli (mbegu zenye nyuzinyuzi) kutoka maduka ya Wahindi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: huinasa nyongo tumboni, ini linalazimika kuchota kolesteroli kwenye damu kutengeneza nyingine. Maharage nayo yamo.

Chai za tumbo nyingi ni sanamaki, dawa ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na chumvi, na moyo hauzipendi hasara hizo. Mbaya zaidi, "dawa za asili" za kupunguza unene zimekamatwa nchi nyingi zikiwa zimechanganywa kimyakimya na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Pakiti isiyo na usajili wa NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, usiinywe.

Mzee_Kisenyi
Binti, nyie wa duka la dawa lazima mtetee vidonge. Babu zetu hawakumeza statini na waliishi.

Mfamasia_Jinja
Shikamoo mzee. Babu zetu walitembea kwenda shamba na hawakuwa na soda. Halafu statini haikuanzia kiwandani. Mjapani Akira Endo aliipata ya kwanza kwenye ukungu, miaka ya 1970, na lovastatini iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987 ilitoka kwenye ukungu mwingine. Hata ule mchele mwekundu wa Wachina unaouzwa kama mitishamba una lovastatini ileile, ila kipimo chake hukijui.

Oti inashusha LDL asilimia 5 hadi 10, atorvastatini theluthi au zaidi. Kaka dereva LDL yake iko 4.2. Hesabu ni hiyo.

Mzee_Kisenyi
Marhaba. Ukungu, eh? Hilo sikulijua. Lakini mimi vidonge viliniuma misuli ya mapaja.

Mfamasia_Jinja
Hutokea mzee, na hilo mwambie daktari wako abadilishe kipimo au aina. Usiache kimyakimya.

Dereva_WestNile
Asanteni. Vidonge nimeanza jana usiku. Soda nimebadilisha na maji, oti nabeba kwenye kopo la plastiki naloweka usiku ndani ya lori. Nitapima tena baada ya miezi mitatu, namba nitazileta hapa. Muchomo wa Karuma sijaahidi kitu.

Katunkuma nimeulizia sokoni Arua, wananiangalia tu. Huku inaitwaje?

MamaBombo
Jina la huko silijui. Ukishuka na lori pita Bombo nikufungashie. Ile chai usije nayo.