Tupeane uzoefu: tangu rambo zipigwe marufuku, wewe sokoni unabebea nini?

Wakuu, tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania. Mtaani kwetu Tandale, kabla ya hapo, mvua ikinyesha kidogo tu rambo zinaziba kalvati na maji yanaingia ndani. Leo mtaro ule unapitisha maji, na katazo naliunga mkono kwa moyo wote. Ila vile vifungashio laini vinavyoonyesha, vya kufungia karanga na ubuyu, sasa ndivyo vinavyobebea nyanya, dagaa, hata maandazi ya moto. NEMC, baraza la taifa la mazingira, walikataza visitumike kama vibebeo, lakini vipo kila genge. Kila mmoja aeleze hali ya kwake.

Muuza samaki, Feri: Ndugu yangu, unayemsema ni mimi. Mteja anatoka kazini jioni mikono mitupu, anataka vibua vya elfu mbili. Nikimfungia gazeti, linalowana kabla hajafika kituoni. Mfuko mbadala nikimuuzia anaona namwibia, nikimpa bure faida yangu imekwenda. Halafu ukishaingia maji ya samaki haufai tena, harufu haitoki. Wateja wangu wa kudumu nimewazoesha waje na kindoo chenye mfuniko, na wanakuja nacho. Kazi ipo kwa wapita njia.

Mfugaji, Kongwa: Tulichinja mbuzi aliyekuwa anakonda huku anakula vizuri. Tumboni tukakuta bonge la nailoni lililojisokota na kamba za katani, rangi za mifuko bado zinaonekana, bluu na nyeusi. Mke wangu aligoma kuupika utumbo ule. Rambo zimepungua huku, namshukuru Mungu, lakini kifungashio kilichobaki na chumvi ya karanga mbuzi anakila vilevile. Anayesema hicho si mfuko aje zizini kwangu.

Mombasa: Kwetu Kenya marufuku ilianza Agosti 28, 2017, na faini ni shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Maduka makubwa yalitii mara moja. Sokoni majuala bado yanapenya, yanatolewa chini ya meza. Mimi nina kikapu changu cha miyaa, mboga hazinyauki upesi humo.

Dereva wa lori: Rwanda walikataza tangu 2008. Pale Rusumo mizigo inakaguliwa na mfuko wako unabaki mpakani. Kigali mkate unauzwa kwenye karatasi, na watu wameshazoea.

Mwanzisha mada: Mkuu wa Feri, hapo kwenye gharama ndipo penye mzigo wote. Kanuni zinamtoza mtumiaji faini kuanzia shilingi 30,000, na mtengenezaji kuanzia milioni 20. Basi waanzie huko kwenye mashine! Mwenye genge anafungia kile anachokuta kinauzwa kwa jumla, na akikamatwa mtaji wake umekwisha siku hiyohiyo. Mfugaji, nimesoma habari ya mbuzi wako mara mbili, pole sana.

Wa Tanga na Mwanza bado hamjasema. Huko kwenu kuna soko lililopata kitu cha kufungia samaki wabichi, kisichovuja, kwa bei anayoimudu mama lishe?