Kura za jumuiya ya Java zina uzito gani ilhali Java ni mali ya Oracle?

Swali

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa jukumu la kupendekeza jukwaa ambalo mifumo yetu ya malipo itajengwa juu yake kwa miaka mingi ijayo, na Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta pamoja na jukwaa lake, ni mojawapo ya yanayofikiriwa. Ubora wake haunitii shaka. Kinachonitatiza ni umiliki. Oracle iliinunua Sun Microsystems mwaka 2010 na Java ikawa mali yake, lakini bado upo utaratibu uitwao Java Community Process, ulioanzishwa mwaka 1998, ambao kamati yake tendaji hupiga kura kupitisha au kukataa viwango vya lugha hiyo. Je, kura hizo humfunga mwenye mali, au wajumbe hualikwa kubariki yaliyokwisha kuamuliwa?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, kura hufunga viwango lakini hazifungi leseni, na mgogoro mkubwa kuliko yote ulizukia hapo hapo. Apache Software Foundation, taasisi isiyo ya faida inayosimamia miradi ya programu huria na iliyokuwa mjumbe wa kamati hiyo, ilianza mwaka 2005 kuandika Java yake huru iliyoitwa Harmony. Ili programu ya namna hiyo itambuliwe rasmi kuwa inalingana na Java, sharti ifaulu majaribio ya ulinganifu, na majaribio hayo yamo mikononi mwa mwenye Java. Sun ilikuwa tayari kuyatoa, ila kwa masharti yaliyowekea mipaka matumizi ya programu itakayofaulu, simu za mkononi zikiwa miongoni mwa yaliyozuiwa, jambo ambalo mradi wa programu huria, yaani ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, hauwezi kulikubali bila kuacha kuwa huria.

Mwaka 2007 Oracle yenyewe, ikiwa bado mjumbe wa kawaida, ilipendekeza Java Community Process iwe chombo huru kisichoegemea kampuni yoyote. Ilipoinunua Sun, masharti yalibaki yale yale. Desemba 2010 kamati ilipopigia kura Java 7, wajumbe kadhaa waliandika wazi kwamba hawaridhiki na leseni, kisha wakapiga kura ya ndiyo. Apache ikajiuzulu, na mwaka uliofuata Harmony ikafungwa. Kwangu mimi, kamati ambayo wajumbe wake wanapinga kwa maandishi na kuridhia kwa kura haijamfunga mtu yeyote.

Jibu la pili

Naheshimu maelezo ya ndugu aliyetangulia, na matukio aliyoyataja ni ya kweli, lakini ameishia mwaka 2011. Harmony haikuuawa na leseni peke yake. IBM, iliyokuwa mhimili wake, ilihamia OpenJDK, mradi wa msimbo huria wa Java yenyewe, mwaka 2010, na mradi ukabaki bila wahandisi wa kuubeba. Wanaodai umiliki wa jumuiya wajiulize pia ni nani atakayelipa mishahara ya wanaorekebisha kasoro za usalama. Sehemu kubwa ya kazi ya OpenJDK hufanywa na waajiriwa wa Oracle, na tangu mwaka 2018 toleo jipya limekuwa likitoka kila baada ya miezi sita. Zaidi ya hayo, msimbo wa OpenJDK umetolewa chini ya GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza, kwa hiyo kilichokwisha kutolewa hakinyang'anywi. Oracle ikigeuka kesho, yeyote mwenye uwezo anaweza kuuchukua msimbo ulipofikia na kuuendeleza.

Jibu la tatu

Anaweza kuuendeleza, ndiyo, ila si kwa jina la Java, na jina lina gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE, yaani sehemu ya Java ya kujengea mifumo mikubwa ya kampuni, kwa Eclipse Foundation, taasisi isiyo ya faida ya programu huria. Msimbo ulikabidhiwa, alama ya biashara haikukabidhiwa. Jukwaa likalazimika kuitwa Jakarta EE, na kwa kuwa hapakuwa na maafikiano ya kuendeleza vifurushi vya msimbo ambavyo majina yake yanaanza na javax, toleo la 9 la mwaka 2020 lilivibadilisha vyote vianze na jakarta.

Nimeshiriki katika kuhamisha mfumo mmoja wa aina hiyo. Mstari uliokuwa javax.servlet unakuwa jakarta.servlet, na mtu asiyejua anaweza kuiamuru kompyuta ibadilishe kila palipoandikwa javax. Akifanya hivyo ataharibu javax.sql, kwa sababu kifurushi hicho ni cha Java yenyewe na jina lake halikuguswa. Kisha kila maktaba inayotegemewa lazima nayo iwe imehama, la sivyo mfumo hauwaki. Kazi yote hiyo haikuongeza uwezo wowote mpya kwa mtumiaji. Ilitokana na nani anamiliki neno.

Linganisheni na Python, lugha nyingine ya kuandikia programu. Tangu mwaka 2019 inaongozwa na baraza la watu watano wanaochaguliwa na waendelezaji wakuu, kanuni zake zinakataza zaidi ya wawili kutoka kwa mwajiri mmoja, na alama ya biashara inashikiliwa na taasisi isiyo ya faida.

Muulizaji

Nashukuru sana, ndugu zangu. Basi tukiichagua Java, tujilinde vipi?

Jibu la kwanza

Tumieni OpenJDK iliyotayarishwa na mtoaji mwingine, mathalani Temurin ya Eclipse Adoptium, ambayo hufanyiwa majaribio rasmi ya ulinganifu na haidai malipo. Kabla ya kusakinisha JDK (zana za kuandikia na kuendeshea programu za Java) ya Oracle kwenye seva yoyote, mtu mmoja asome leseni ya toleo hilo hasa, maana masharti hutofautiana baina ya matoleo. Usajili wa kulipia ulioanza Januari 2023 hukokotolewa kwa idadi ya wafanyakazi wote wa kampuni, wakiwemo wa muda, hata wasioigusa Java kamwe. Sakinisho moja lililofanywa kwa haraka linaweza kuifungulia kampuni nzima mlango wa madai, kwa hiyo fanyeni ukaguzi wa seva zenu mapema na muweke kumbukumbu ya kila JDK iliyomo.