Dhahabu tatu za Maggie Steffens, tatu za Faith Kipyegon: mizani iko sawa?

Mzee wa Kijiwe: Wakuu, jana tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Maggie Steffens, aliyekuwa nahodha wa Marekani wa polo ya majini (ule mpira wa kurusha golini huku mnaogelea) mpaka Paris 2024, ana dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo: London 2012, Rio 2016 na Tokyo. Faith Kipyegon naye ana tatu mfululizo za mita 1500: Rio, Tokyo, Paris. Mimi nasema ngoma droo. Jamaa yangu anadai Steffens kabebwa na wenzake. Semeni.

Kiroboto: Polo majini? Hao farasi hawazami?

Chumvi Nyingi: Farasi wa majini ni kiboko, na huyo dada ndiye kiboko yao.

Mbio na Mursik: Msimlinganishe Faith na mtu. Kajifungua 2018, karudi Tokyo kachukua tena, na pale uwanjani hakuna wa kumpasia mpira. Polo inataka bwawa, kocha na baba mwenye hela. Huyo Steffens si msomi wa Stanford? Halafu nilidhani ana nne.

Chumvi Nyingi: Tatu. Hiyo nne ni nafasi. Kule Paris, Australia waliwatoa Marekani nusu fainali kwa penalti, Uholanzi wakawanyima shaba 11-10. Na habari ya kubebwa muiache. London alikuwa na miaka 19. Mechi ya kwanza wamewafunga Hungaria 14-13, saba kafunga yeye. Fainali na Hispania 8-5, matano yake. Kamaliza mashindano na mabao 21. Tokyo akampita Mwitaliano Tania Di Mario aliyekuwa na 47, sasa hakuna mwanamke mwenye mabao mengi kumzidi kwenye Olimpiki.

Hela ndiyo kichekesho. Mwaka 2024 huyo huyo bingwa aliandika mtandaoni kwamba wenzake wengi wana kazi ya pili, hata ya tatu, ili waishi. Aliyejitokeza kuwadhamini ni Flavor Flav, yule mwanamuziki anayevaa saa kubwa shingoni.

Shemeji wa Taifa: Mchezo wenyewe wanacheza wangapi? Paris upande wa wanawake timu kumi tu. Tokyo Afrika Kusini walikula 29-4 kwa Hispania. Mtu mweusi na maji wapi na wapi? Hata hao wanawake wa Pwani, wamezaliwa baharini na hawajui kuogelea.

Bint Nungwi: Shemeji, hilo la mwisho lirudie tena nikusikie vizuri.

Chumvi Nyingi: Mtu mweusi na maji? Golini kwa Marekani hiyo hiyo ya Steffens, Rio na Tokyo, alikaa Ashleigh Johnson. Mweusi, wazazi wake Wajamaika. Na hao Afrika Kusini ndiyo timu ya kwanza ya wanawake wa Afrika kufika kule.

Shemeji wa Taifa: Kwani nimedanganya? Nani hapa mama yake anaogelea? Anyooshe mkono.

Bint Nungwi: Mama yangu kalima mwani tangu sijazaliwa. Maji yanapanda mpaka kifuani, fungu la mwani kichwani, khanga imemganda mwilini, yumo tu. Bamvua likitoka anakwenda kuchokoa pweza na kijiti. Na hajui kuogelea, kweli. Nenda Forodhani, pale Unguja mjini, jioni utazame nani anaruka ukutani kichwa chini: watoto wa kiume watupu. Sisi tukilowa tunaulizwa tulikuwa wapi. Mie nimejifunza mkubwa, na nguo zangu za stara, kaka zangu wakicheka. Usimcheke asiyefundishwa.

Ustadh Mwambao: Dada, stara haikumzuia mtu. Kinachokosekana ni mahali pa wanawake peke yao.

Bint Nungwi: Hapo Ustadh tuko pamoja. Basi waambie wenye mabwawa.

Mbio na Mursik: Kwa hivyo mmekubali ni mchezo wa wenye mabwawa. Faith ameshinda.

Mzee wa Kijiwe: Jamani, mizani...

Chumvi Nyingi: Mzee, subiri. Shemeji, wewe unajua ule mchezo ulivyo? Robo nne za dakika nane, miguu hairuhusiwi kugusa chini, na chini ya maji wanavutana chupi, watazamaji hawaoni. Refa anakagua kucha kabla ya mechi! Mimi nilijaribu lile zoezi lao: unasimama majini kwa miguu tu, inazunguka kama kile kifaa cha kupigia mayai, mikono juu umeshika dumu la lita tano. Sikufika dakika. Maji yaliniingia puani mpaka nikaona nyota za mchana.

Shemeji wa Taifa: Wewe mnene.

Chumvi Nyingi: Mimi mnene ninayeelea. Wewe ukiingia tutakutafuta kwa wavu.

Kiroboto: Hahaha! Shemeji, huna cha kujibu?

Shemeji wa Taifa: Niwekeeni siku. Dumu, maji, dakika mbili. Nikishinda, bint Nungwi anapika pweza.

Bint Nungwi: Pweza atapika mama. Jumamosi ni maji mafu, hayapandi wala kushuka sana, bahari haitakuonea. Dumu ninalo mie, na nitakuwa pembeni yako nikuokoe.