Treka ipi nyepesi kwa picha za mandhari na nyota: Nomad, Star Adventurer 2i au SkyGuider Pro?

mpiga_usiku: Wakuu, habari za majukumu. Napiga mandhari pamoja na Njia ya Maziwa, mara nyingi kwa lenzi ya 20mm, mara chache 35mm. Sehemu zangu zote ni za kupanda kwa miguu, kwa hiyo kila gramu naisikia mgongoni. Kwenye tripodi tupu nikivuka sekunde 20 hivi, nyota zinaanza kuwa vijiti. Nimebakiza treka (vifaa vinavyozungusha kamera polepole ifuate nyota) tatu: Move Shoot Move Nomad, Sky-Watcher Star Adventurer 2i na iOptron SkyGuider Pro. Mnaozitumia nipeni hali halisi, maana kwa muuzaji kila kitu ni kitamu.

bwana_tripodi: Mkuu, anza na lenzi kabla ya treka. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa, kwa hiyo nyota inasogea sekunde-tao 15 kila sekunde (sekunde-tao 3600 ni digrii moja). Kwa 20mm kwenye kamera ya fulu fremu (yenye kihisi kikubwa) ya megapikseli 24, pikseli moja inabeba takriban sekunde-tao 60. Mhimili wa treka lazima uelekee ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kuzunguka. Sasa tuseme umeilenga vibaya kwa digrii nzima. Nyota zitateleza kama sekunde-tao 16 kwa dakika, yaani ukiacha shata wazi dakika 2 ni nusu pikseli. Hakuna atakayeiona. Kosa hilohilo kwa 135mm ni zaidi ya pikseli 3, na hapo nyota zimeshakuwa mayai.

Kwa 20 na 35, Nomad inakutosha. Ina kama nusu kilo, inaingia mfuko wa koti. Hizo mbili nyingine zinabeba kilo 5 za vifaa, nguvu ambayo lenzi zako hazina kazi nayo.

dada_nge: Bwana_tripodi, hesabu zako sina ubishi nazo, ila leo ana 20mm, kesho atataka kundinyota la Orion kwa 135. Wote tunajua ugonjwa huu unavyokwenda. Mimi natumia Star Adventurer na sijaona sababu ya kuibadilisha. Darubini ya kulengea ncha iko ndani ya mhimili wake, na betri ni AA 4: zikiisha unatia nyingine, kazi inaendelea. SkyGuider ina betri ya ndani, safi sana mpaka siku umesahau kuichaji na pawabenki iko nyumbani.

Halafu Nomad wengi huilenga kwa leza ya kijani. Kuna nchi leza za namna hiyo zimepigwa marufuku, na popote ulipo usithubutu kuielekeza upande wenye ndege. Hata wapiga picha wenzako watakununia, maana mstari ule unakatiza kwenye fremu zao.

kusini_kabisa: Na leza yenyewe inahitaji nyota ya kulenga! Mko wengi hapa mnaongea kama Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini, inaonekana kila mahali. Huku kusini tunayo Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, yenye mng'ao wa daraja la 5.5 hivi (namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu), ambayo hata penye giza totoro unaitafuta kwa kukodoa macho. Karibu na Ikweta ndiyo balaa zaidi, ncha inalala kwenye upeo, ndani ya ukungu au nyuma ya kilima.

Dawa ni simu. Pembe ya mhimili iwe sawa na latitudo ya mahali, dira uirekebishe kwa tofauti ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi, na simu ikae mbali na chuma na mota. Utakosea digrii moja au mbili, na kwa hesabu ya bwana_tripodi umepita.

mzee_wa_springi: Mmeisahau Omegon MiniTrack. Haina betri kabisa, unaikaza springi kama saa ya zamani, inakwenda saa nzima. Inabeba kilo 2 hivi. Hakikisha tu unanunua toleo linalozunguka kwa pande zote mbili za Dunia, kwani lipo la kaskazini pekee.

bila_treka: Kwa nini ununue? Piga picha 16 za sekunde 15, zirundike (uziunganishe kuwa moja) kwa programu ya Sequator, ni ya bure. Chengachenga (vidoadoa vya picha za gizani) zinashuka hadi robo. Uzito wa ziada mgongoni: sifuri.

bwana_tripodi: Inafanya kazi, sikatai. Ila ukiwa bila treka umefungwa kwenye f/1.8 (tundu la lenzi wazi sana) na ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) kubwa, na lenzi nyingi pana zikiwa wazi hivyo nyota za pembeni zinaota mabawa. Ukiwa na treka unafunga hadi f/4 na kona zinatulia. Hiyo ndiyo faida yenyewe, kuliko hata chengachenga.

mpiga_usiku: Na ardhi je? Si itatoka na ukungu kwenye picha, maana kamera inazunguka?

dada_nge: Lazima. Kwa dakika 2 kamera inazunguka nusu digrii, na kwa 20mm hiyo ni kama pikseli 30 za mlima kupakwa angani. Unapiga mbingu mota ikiwa imewashwa, unaizima, unapiga ardhi bila kugusa kichwa cha tripodi, kisha unaunganisha kwenye kompyuta. Mlima wenye mgongo laini ni dakika chache. Mti wenye matawi membamba utakukesha. Star Adventurer na SkyGuider zina mwendo wa nusu, ambapo mbingu na ardhi zinagawana ukungu kidogokidogo. Mimi huutumia penye miti tu, tena kwa muda mfupi.

mpiga_usiku: Asanteni sana wakuu. Nakwenda na Nomad, ncha nitailenga kwa simu. Nilichookoa nakiweka kwenye tripodi nzito kidogo, yangu inatikisika upepo ukivuma.

dada_nge: Tutaonana ukishanunua 135.

kusini_kabisa: Ikifika, mpangilio wa N (kaskazini) na S (kusini) uangalie kabla ya kupanda. Ukiuacha upande usio wako, nyota zinakuwa vijiti virefu mara mbili ya vile vya tripodi tupu, na utailaumu treka bure.