Boksi la sabufa ya inchi 12 kwenye IST: la kwanza limeharibika, nataka kuchongesha upya

Dereva wa Mbagala:

Wakuu habari za jioni. Naomba mwenye uzoefu anishike mkono kabla sijatoa hela mara ya pili.

Nina gari la Toyota IST ya 2004. Saa kumi na moja alfajiri nipo barabarani, Mbagala hadi Posta na kurudi, na kinachonivusha foleni ya Mtoni kwa Aziz Ali ni rumba. Zile za zamani, ambazo marehemu baba alikuwa akizipiga kwenye redio kaseti kila Jumapili huku anapiga pasi shati lake. Yeye ndiye aliyenifundisha kulisikiliza gitaa la besi kwanza, mwimbaji baadaye. Kwa hiyo sitafuti kelele za kutetemesha mtaa. Nataka nisikie yule mpiga besi anatembea noti kwa noti.

Mwezi wa nne nilinunua sabufa moja ya inchi 12 (kwenye kasha wameandika wati 1,200, ila RMS, yaani nguvu inayoihimili muda wote, ni 300) pamoja na amplifaya, nikampa fundi mmoja mjini anitengenezee boksi. Laki moja na nusu. Alimaliza kwa saa tatu, buti hakulipima. Leo hii hali ni hivi:

Kuna noti moja inapiga kama ngoma ya mdundiko, dum, dum, na wimbo wowote utakaoweka noti hiyo hiyo ndiyo inayojitokeza. Noti za chini zaidi hazisikiki kabisa, ila nikifungua buti naiona karatasi ya spika inaruka mbele na nyuma hadi inagonga. Juzi nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikazima.

Ubao ni chipubodi. Masika hii buti lilivuja kidogo, kona ya chini ikavimba kama mkate uliolowa chai, skrubu zikaachia.

Halafu boksi amelifunga kwa skrubu juu ya kifuniko cha tairi la akiba. Nilipata pancha Kongowe saa tano usiku, mvua inanyesha, na mama mgonjwa kwenye kiti cha nyuma. Nikaanza kufungua skrubu sita kwa tochi ya simu niliyoishika kwa meno. Sitaki tena usiku wa namna ile.

Boksi lina upana wa sm 55, kimo 38, kina 33, ubao wa mm 16. Bomba ni lile la PVC la inchi 4 la maji machafu, limeingia ndani sm 10 tu. Buti langu lina upana wa sm 94, na mgongo wa kiti umelala kidogo.

Nimepata seremala Keko, anajua mbao lakini hajawahi kuchonga boksi la sabufa. Ananiambia nimletee vipimo. Nimpe vipimo gani? Lifungwe kabisa au liwe na bomba? Ubao gani?

Randa na Msumeno:

Pole sana ndugu yangu, na shukuru Mungu ulizima ile siku ya harufu. Ile ni koili inaungua, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika.

Nimechonga maboksi miaka kumi na mbili, na umeeleza vizuri kiasi kwamba tatizo naliona nikiwa huku huku. Boksi lenyewe halina ubaya kwa ukubwa. Ukitoa unene wa ubao, ukatoa nafasi inayoliwa na spika na bomba, ndani inabaki kama lita 50. Kosa liko kwenye bomba.

Umewahi kupuliza mdomo wa chupa ya soda? Ile sauti inatokana na hewa ya shingoni kusukumana na hewa ya tumboni. Boksi lenye bomba ni chupa ile ile. Shingo ikiwa ndefu, hewa iliyomo inakuwa nzito, sauti inashuka. Ikiwa fupi, sauti inapanda. Lita 50 na bomba la sm 10 kipenyo, urefu sm 10, zinalia kwenye mawimbi 52 kwa sekunde, Hz 52. Hiyo ndiyo noti yako ya mdundiko.

Sasa, uzi mzito wa gitaa la besi, ukiwa haujabanwa, unalia Hz 41. Yaani mpiga besi wa baba yako akishuka chini kabisa, anapita chini ya boksi lako. Na chini ya noti ya boksi, hewa ya ndani haiikamati tena spika, inapita tu bombani. Spika inabaki kama mtu anayesukuma mlango ulio wazi: inaruka, inagonga, inachemka, na sauti hakuna. Kwa wati zile ulizoweka ingekufa ndani ya mwezi.

Tunataka boksi lilie Hz 35. Kwa lita 50 zile zile, bomba lile lile, urefu wake ni sm 31. Tofauti ya sm 21 za bomba la maji ndiyo iliyokunyima rumba yako, na kipande hicho dukani ni hela ya chai.

Ila lile boksi lisahau, chipubodi ikishanywa maji hairudi. Chukua MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, ya mm 18. Shiti nzima ni sm 244 kwa 122, inatosha na kubaki. Mpe seremala vipimo hivi vya nje:

Upana sm 70, kimo sm 35. Kina chini sm 36.4, juu sm 29.4, ili mgongo wa boksi ulale sawa na kiti chako. Uso wa mbele uwe wa mbao mbili zilizogandishwa pamoja, maana ndio unaobeba spika. Ndani utapata lita 57 hivi. Spika, bomba na kiegemeo kimoja cha katikati vitakula kama 7, zinabaki 50 zako.

Tundu la spika usilikate kwa kubahatisha. Pima spika yako mwenyewe, nyingi za inchi 12 zinataka kama sm 28. Lisogeze upande wa kulia wa uso. Bomba usilitoe mbele, kina hakitoshi, litakaribia ukuta wa nyuma na kukabwa. Litoe ubavu wa kushoto, lilale kwa upana wa boksi, chini na nyuma, lipishane na sumaku ya spika. Halafu ukilipanga garini, lisukume boksi kulia kabisa, bomba lipate sm 20 na zaidi za kupumua. Chini ya sm 10 litaanza kuvuma.

Kuunga: gundi ya mbao kila mshono, toboa kwanza kwa biti nyembamba ndipo upige skrubu, maana MDF inapasuka ukiilazimisha pembeni. Ikikauka, pitisha silikoni ndani kwenye kona zote na kuizunguka shingo ya bomba, na usifunge spika hadi siku ya pili, harufu ya silikoni iishe. Chini lipake rangi ya mafuta mikono miwili kabla ya kapeti. Dar hii unyevu haukubali mchezo.

Kuhusu tairi la akiba: usipige skrubu kwenye kifuniko. Funga kwa mikanda miwili ya kukaza, ile ya mizigo, ishike kwenye vyuma vya buti. Lakini lazima ifungwe. Boksi hili na spika yake linapita kilo 20, ukishika breki ya ghafla litakufuata mbele.

Binti Tanga:

Fundi kaeleza vizuri, ila mimi ningemshauri alifunge kabisa. Mimi ninalo la lita 30, halina bomba, nasikiliza taarabu kutwa na besi inakuja safi, inakatika pale inapotakiwa kukatika. Likikosewa kidogo halikuadhibu kama la bomba. Na seremala wake hajawahi kuchonga.

Randa na Msumeno:

Kweli dada, na kama angekuwa mtu wa singeli ningemwambia hivyo hivyo, mapigo yale ya haraka yanataka boksi lililofungwa. Lakini wati zake ni 300 tu na anatafuta ile Hz 41. Bomba litampa sauti zaidi pale pale anapoitaka. Vipimo akivifuata, hakuna cha kuogopa.

Mtu wa Rongai:

Salamu kutoka Nairobi. Niongeze jambo moja ambalo watu husahau wakishapata boksi: waya wa betri. Fyuzi iwe karibu na betri yenyewe, isizidi nusu mita, siyo kule nyuma kwa amplifaya. Waya ukichubuka pale unapopita kwenye bati la injini na hakuna fyuzi mbele yake, gari inashika moto. Niliona matatu ikiteketea hivyo na sijasahau.

Na kwa amplifaya yako angalia kama kuna kitufe cha kukata sauti za chini sana. Kiweke Hz 28 au 30. Kile cha kukata sauti za juu kiweke Hz 80.

Dereva wa Mbagala:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, na naandika nikiwa ndani ya gari.

Seremala wa Keko alikuwa mtu wa subira. Alichora kila kipande kwa penseli juu ya shiti, akaniita nihakikishe kabla ya kugusa msumeno. Bomba tulilipima mara tatu. Kabla ya kapeti nikawasha kijiti cha udi, nikakipitisha taratibu kwenye mishono yote huku sabufa inapiga kidogo. Moshi ulitulia kila mahali isipokuwa pale waya unapotokea, ukawa unarushwa pembeni. Tukafungua, tukaongeza silikoni, tukangoja hadi kesho yake. Fyuzi nimeihamisha, sasa iko sm 30 kutoka kwenye betri. Tairi la akiba nalitoa kwa dakika mbili, nimejaribu nikiwa nyumbani mchana.

Jana jioni foleni ilisimama pale Mtoni. Nikaweka wimbo ambao baba alikuwa akiurudia. Kuna sehemu gitaa zote zinanyamaza na besi inabaki peke yake, inashuka ngazi nne. Miaka yote nimekuwa nikizisikia tatu. Ya nne imo, wakuu. Inakuja nzito, ya mviringo, na inaondoka bila kuburuta. Niliurudisha mara tano, hadi daladala ya nyuma ikanipigia honi.

Fundi Randa, Mungu akuzidishie. Kimebaki kibao cha namba cha nyuma, noti hiyo ya nne ikipita kinalia zzzz. Kesho napita Kariakoo kutafuta sponji ya kubandika kwa nyuma.